Maabara ya Kilomita 577

"Kwani sayansi ya wilaya nyingine ni tofauti na ya hapa kwetu?"

Wazazi huliuliza swali hili kila shule inapotangaza kwamba itashirikiana na shule ya mbali katika masomo ya vitendo. Huulizwa kwa kejeli kidogo, na mara nyingi muulizaji ameshapiga hesabu ya nauli, chakula cha njiani na fulana ambayo bila shaka itatakiwa. Ni swali zuri kuliko anavyodhani mwenye kuliuliza, kwa sababu jibu lake ni ndiyo. Maji yanayochemka Lushoto hayana joto sawa na yanayochemka Mombo, chini ya mlima. Siku moja, mchana mmoja, kijiti cha mita moja kitatoa kivuli cha sentimita 9 Tanga na sentimita 18 Mtwara. Sabuni iliyotoa povu jingi kwenye maji ya kijito hugoma kutoa povu kwenye maji ya kisima cha wilaya ya pili.

Tofauti za namna hiyo haziuzwi dukani. Shule inaweza kupata hadubini, kompyuta na vyumba vitatu vya maabara, lakini haiwezi kujinunulia mahali pa pili pa kusimama. Mahali hapo pako kwa wenzake. Msimamo wa sura hii ni huo tu: shule mbili za wilaya mbili zinapata faida ya kweli pale umbali ulioko kati yao unapogeuzwa kuwa kifaa. Pasipo na hilo wanafunzi wamefanya ziara. Ziara si jambo baya, ila tusiiite jina lisilo lake.

Herufi tano, na ile moja inayoonewa

STEAM ni kifupi cha majina ya Kiingereza ya nyanja tano: sayansi, teknolojia, uhandisi, sanaa na hisabati. Zamani kilikuwa STEM. Sanaa iliongezwa baadaye. Neno uhandisi lisikutishe. Ni kazi ya kubuni kitu, kukiunda, kukijaribu, kukiona kinashindwa na kukirekebisha. Mtoto aliyeunda gari la waya, akaona magurudumu ya vizibo yanateleza, akakata mengine kutoka kwenye kandambili iliyochakaa, ameshafanya uhandisi na hakuna aliyempa alama.

Sanaa ndiyo inayoonewa. Shule nyingi huikumbuka siku ya mwisho, mgeni rasmi akiwa njiani, bango likihitaji kupakwa rangi. Mahali pake ni mapema zaidi. Anayesuka ukili huhesabu miyaa kabla ya kuanza, na akikosea hesabu, nakshi inavunjika mbele ya macho yake. Mwanafunzi anayechora umbo kwa vipimo, sentimita moja ya karatasi ikisimama badala ya sentimita kumi za ardhini, anatumia jicho na mkono uleule. Baadaye kidogo tutaona jaribio ambalo mchoro mbaya unaiongezea dunia maelfu ya kilomita. Kenya, katika sekondari ya juu ya mtaala wa umilisi, wanafunzi huchagua njia moja kati ya tatu, na STEM ni njia moja, sanaa na michezo ni njia nyingine. Kwa kupanga madarasa hilo linaeleweka. Kwa kumfundisha mtu kupima na kuchora, mstari huo hauna faida.

Limebaki neno vitendo. Mwalimu akimwaga kimiminika kimoja juu ya kingine mbele ya wanafunzi 80 wanaonyoosha shingo, hayo ni maonyesho. Vitendo ni pale mwanafunzi anaposhika, anapopima na kuandika namba ambayo mwalimu mwenyewe hakuijua kabla. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo ngumu kupatikana. Majaribio mengi ya shuleni yana jibu lililochapwa kitabuni, na wanafunzi si wajinga: huliandika jibu la kitabu hata kipimo chao kikisema vingine.

Kuhusu vifaa, hali inajulikana. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza Tanzania mwaka 2004 ulizaa shule za kata kwa wingi, na nyingi zilifunguliwa bila maabara. Muongo uliofuata yakaja maagizo ya kujenga vyumba vitatu kila shule: fizikia, kemia na baiolojia. Majengo mengi yalisimama. Kuyajaza ilikuwa kazi nyingine. Walimu walijifunza kujiokoa. Maji ya choya yanayogeuka rangi hutumika kutambua asidi na besi, magadi yakawa besi, bomba la sindano lisilo na sindano likawa kipimio cha ujazo. Waliobuni njia hizo, Watanzania na wageni waliojitolea, walizikusanya chini ya jina Shika na Mikono. Kwa hiyo tusianze kwa kulia na ukosefu wa vifaa. Majaribio ya sura hii yanahitaji kijiti, uzi, sufuria na kipimajoto.

Tayari tunashirikiana, ila si kwa mikono

Anayesema shule za Tanzania hazijui kushirikiana hajakaa kwenye chumba cha walimu mwezi wa mitihani. Mitihani ya ujirani mwema ni jambo la kawaida: shule kadhaa zinatunga kwa pamoja, zinachangia gharama za uchapaji, zinabadilishana karatasi za kusahihisha, kisha matokeo yanabandikwa na wakuu wa shule wanaanza kutaniana. Michezo nayo ina ngazi zake. UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari huwapandisha vijana kutoka shule hadi wilaya, mkoa na taifa. Magari yanapatikana, vibali vinasainiwa, wapishi wanaitwa. Mfumo wa kuwakutanisha watoto wa wilaya mbalimbali upo na tunaumudu.

Katika sayansi tumeelekea zaidi kwenye mashindano. Kenya ina maonyesho ya sayansi na uhandisi ya shule za sekondari, ambayo kwa miaka mingi yaliitwa Kongamano la Sayansi; mradi huanzia shuleni, ukapita ngazi ya kaunti ndogo, kaunti na kanda mpaka taifa. Tanzania ina Young Scientists Tanzania, iliyoanzishwa 2011 kwa kufuata mfano wa maonyesho ya Ireland ambayo yalianza 1965. Haya ni mambo mazuri, na msichana wa kidato cha tatu anayesimama Dar es Salaam kumweleza profesa kazi yake mwenyewe harudi kijijini akiwa yuleyule. Lakini mradi unafika pale ukiwa umeshakamilika. Shule ya wilaya moja haikuihitaji shule ya wilaya nyingine ili kuufanya; iliihitaji ili kuishinda. Ushirikiano, kama upo, hutokea bwenini usiku.

Mfano ninaouthamini zaidi haukuwagusa wanafunzi moja kwa moja. Mwaka 1998 Kenya ilianza mradi wa kuimarisha hisabati na sayansi katika sekondari, uliojulikana kwa kifupi SMASSE, kwa msaada wa shirika la maendeleo la Japani, JICA. Ulianza na wilaya tisa za majaribio, kisha kuanzia 2003 ukaenea nchi nzima. Walimu wa shule jirani walikutana kituo kimoja wakati wa likizo, wakaandaa somo pamoja, wakalifundisha, wakalikosoa. Walihimizwa wamwache mwanafunzi afanye, na pale kifaa kinapokosekana wabuni mbadala. Kilichonivutia ni fedha. Mafunzo ya wilaya yaligharimiwa na mfuko uliochangiwa na shule zenyewe, sehemu ndogo ya ada kwa kila mwanafunzi. Shule ikishatoa chake haikubali mwalimu wake abaki nyumbani.

Kwa ufupi: mitihani, mpira na mashindano vimetufundisha kukutana. Bado hatujafika kwenye kazi ambayo shule moja ikijitoa, nyingine haiwezi kuimaliza.

Kijiti, timazi na pwani nzima

Sasa tuifanye kazi ya namna hiyo. Swali lake hata mtoto wa darasa la tatu ameshawahi kuliuliza: mzunguko wa dunia ni kilomita ngapi, na nani aliizunguka na futi kamba?

Aliyelijibu kwanza kwa hesabu inayokumbukwa ni Eratosthenes, mkuu wa maktaba ya Alexandria nchini Misri, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Alijua kwamba kusini, katika mji ambao leo ni Aswan, siku fulani ya mwaka jua la mchana humulika kisima mpaka chini, yaani liko utosini kabisa. Siku hiyohiyo Alexandria vitu vilikuwa na kivuli. Akapima pembe ya kivuli, akapata sehemu moja ya hamsini ya duara. Basi umbali wa kati ya miji hiyo miwili nao ni sehemu moja ya hamsini ya mzunguko wa dunia. Zidisha kwa 50, umemaliza. Peke yake Alexandria asingeweza. Ilibidi kuwe na taarifa kutoka mji wa pili.

Sisi tuna bahati ya kijiografia ambayo hatuitumii. Pwani ya Waswahili inashuka karibu wima kutoka kaskazini hadi kusini. Lamu, Malindi, Mombasa, Tanga, Bagamoyo, Kilwa, Lindi, Mtwara: miji imejipanga kana kwamba aliyeipanga alikuwa na jaribio hili kichwani. Kutoka Lamu hadi Mtwara ni nyuzi nane za latitudo. Latitudo ni kipimo cha umbali wa mahali kutoka ikweta, kaskazini au kusini, kinachohesabiwa kwa nyuzi.

Chukua shule mbili tu, moja Tanga na moja Mtwara. Siku nzuri ni Septemba 23 au karibu na hapo, usiku na mchana vinapolingana na jua la mchana likiwa juu ya ikweta. Siku nyingine pia itafaa mradi shule zote mbili zipime siku hiyohiyo. Mwezi Machi nao una siku kama hiyo, ila masika huwa yameanza na wingu litawachezea. Simamisha kijiti cha mita moja kwenye sakafu iliyonyooka. Ulalo wa sakafu uhakikishwe kwa pima maji, wima wa kijiti kwa timazi. Kama shule haina, fundi mwashi wa jirani anazo, na akija mwenyewe ni bora zaidi, maana wanafunzi wataona kwamba pembe mraba ina mwenyewe mtaani. Kuanzia saa sita kamili tia alama kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika tano, hadi saa saba kasorobo. Kivuli kitafupika, kisha kitaanza kurefuka. Kile kifupi kuliko vyote ndicho cha adhuhuri ya kweli ya mahali hapo.

Hapo ndipo mshangao wa kwanza unapotokea, kabla ya hesabu yoyote. Kivuli kifupi hakitokei saa sita. Siku hiyo Tanga kitatokea kama saa sita na dakika 16, Mtwara kama saa sita na dakika 12. Saa zetu za Afrika Mashariki zimefuata mstari wa longitudo 45, ambao unapita mashariki mwa pwani yetu, kwenye bahari, kwa hiyo jua hutufikia likiwa limechelewa. Dakika nne za tofauti kati ya Tanga na Mtwara zinatokana na Mtwara kuwa mashariki zaidi. Wanafunzi wakiambiwa hayo na mwalimu wataandika na kusahau. Wakiyapata kwa kubishana kwenye kundi la WhatsApp kwamba "saa yenu mbovu", hawasahau.

Sasa namba. Tanga kivuli kitakuwa karibu sentimita 8.9, Mtwara karibu sentimita 18.1. Kidato ambacho hakijafika kwenye trigonometria kichore tu: mstari wima wa kijiti, mstari mlalo wa kivuli, unganisha, pima pembe ya juu kwa kipimapembe. Mchoro uwe mkubwa, penseli iwe imechongwa. Hapa ndipo ile sanaa niliyoitetea inapolipa deni lake. Tanga watapata takriban nyuzi 5, Mtwara nyuzi 10 na kidogo. Tofauti ikiwa nyuzi 5.2, duara zima lina vipande 69 na kidogo vya ukubwa huo. Umbali wa kaskazini hadi kusini kati ya miji hiyo ni kama km 577. Zidisha: karibu km 40,000. Mzunguko wa dunia kupitia ncha zake, kwa vipimo vya kisasa, ni km 40,008.

Usidhani mambo yatakuwa laini hivyo siku ya kwanza, na yasipokuwa laini ndipo yanapoanza kupendeza. Kuna makosa matatu yatakayojitokeza karibu kila mara.

La kwanza ni umbali. Wanafunzi watachukua kilomita za barabara, kwa sababu ndizo kondakta anazozijua. Barabara ya kupitia Dar es Salaam inakaribia km 900, na dunia itavimba kupita km 60,000. Umbali unaotakiwa ni wa kushuka wima kwenye ramani, unaopimwa kwa rula na skeli ya atlasi. Wala usitumie njia ya mkato ya kuzidisha latitudo kwa km 111. Namba hiyo imetokana na mzunguko wa dunia, kwa hiyo utakuwa umenakili jibu ukaliita hesabu.

La pili ni ncha ya kivuli, ambayo haina makali. Jua si nukta. Lina upana wa nusu nyuzi hivi angani, ndiyo maana ukingo wa kivuli hufifia polepole. Kijiti kirefu hakiondoi tatizo, kwa kuwa ukungu wa ncha nao unakua. Dawa yake ni kipande cha boksi chenye tundu dogo kilichofungwa juu ya kijiti. Tundu litatupa doa la mwanga chini, na doa lina katikati inayopimika. Timazi ining'inie kutoka kwenye tundu, na urefu upimwe kutoka kwenye tundu. Watoto wakiachiwa tatizo hili siku mbili, baadhi hufika kwenye tundu wenyewe. Usiwahi kuwaambia.

La tatu ni udogo wa tofauti yenyewe. Tanga wakikosea nusu nyuzi upande mmoja na Mtwara nusu nyuzi upande wa pili, dunia itapungua hadi km 33,500 au itapanda hadi km 49,500. Ndiyo sababu shule mbili hazitoshi. Ongeza Bagamoyo, ongeza Kilwa, ombeni Mombasa na Lamu. Kila shule inakuwa nukta moja kwenye grafu, pembe upande mmoja na umbali upande mwingine, na mstari unaopita katikati ya nukta zote husamehe kosa la mmoja. Hapo shule ndogo ya Kilwa yenye mwalimu mmoja wa fizikia ina uzito uleule wa shule kongwe ya mjini. Nukta ni nukta.

Kwa ufupi: jaribio hili haliwezi kufanywa na shule moja, haliwezi kufanywa vizuri na shule mbili jirani, na gharama yake kubwa ni bando.

Maharage ya Lushoto

Umbali wa wima nao ni kifaa. Mombo iko wilaya ya Korogwe, kando ya barabara kuu, kama mita 400 juu ya usawa wa bahari. Ukikata kuelekea Milima ya Usambara, kilomita 33 tu za kona juu ya kona, unafika Lushoto, karibu mita 1,400. Wilaya mbili, kilomita moja ya kwenda juu.

Hewa ina uzito, na uzito huo unaokandamiza kila kitu huitwa kanieneo. Ukipanda mlima, hewa iliyobaki juu yako inapungua, na maji yanayotaka kugeuka mvuke hupata upinzani mdogo zaidi. Yanachemka mapema. Kwa kila mita 300 hivi, kiwango cha mchemko hushuka kama nyuzijoto moja. Mombo maji yatachemka kwenye 98 au 99, Lushoto kwenye 95. Baada ya hapo uchochee moto unavyotaka, maji hayatapanda tena. Utamaliza kuni tu. Kwa hiyo maharage ya Lushoto yanapikwa na maji ya baridi zaidi, ingawa yanatokota.

Tofauti ni nyuzi tatu na kidogo, na kipimajoto cha shule kinaweza kukosea nyuzi moja au mbili bila kumwambia mtu. Kwa hiyo kazi ya kwanza si kuchemsha, ni kuvikutanisha vipimajoto. Viingizwe vyote kwenye sufuria moja, siku moja, na tofauti zao ziandikwe. Kimoja kikisoma 97 na kingine 99 ndani ya maji yaleyale, sasa mnajua cha kutoa na cha kujumlisha. Balbu isiguse sakafu ya sufuria, maana chuma kilicho juu ya moto kina joto lake.

Maharage yenyewe ni magumu zaidi kuliko maji. Yatoke gunia moja, yalowekwe saa zilezile, sufuria zilingane, kifuniko kiwe au kisiwe kotekote. Kisha litazuka swali ambalo halimo kwenye kitabu chochote cha fizikia: kuiva ni nini? Mmoja atasema ni ganda kupasuka, mwingine atasema ni punje kupondeka kati ya vidole viwili. Mpishi wa shule atacheka, atang'ata moja na kusema bado. Waiteni wapishi wa shule zote mbili, waelewane kigezo kimoja kinachoweza kuandikwa. Binafsi naona nusu saa ya mabishano hayo inafundisha sayansi zaidi ya jaribio lenyewe.

Kifurushi kwa basi

Si lazima mtu asafiri kila mara. Watu wetu hutuma kila kitu kwa basi, kuanzia vipuri hadi samaki wakavu, na chupa ya maji nayo inafika. Shule mbili zibadilishane nusu lita ya maji ya kisima na nusu lita ya maji ya mtoni. Kila upande utie matone yaleyale ya sabuni iliyoyeyushwa, utikise, upime kimo cha povu kwa rula. Maji yenye madini mengi ya kalsiamu na magnesiamu, tunayoyaita maji magumu, hula sabuni bila kutoa povu. Chupa ioshwe vizuri. Iliyowahi kubeba mafuta itaharibu kila kitu.

Mvua ni rahisi kuliko vyote na inahitaji subira kuliko vyote. Chupa ya plastiki ikatwe, sehemu ya juu igeuzwe kuwa faneli, isomwe kila siku saa tatu asubuhi kama wanavyofanya watabiri wa hali ya hewa. Chupa ichaguliwe ile yenye ubavu ulionyooka. Mpango wa GLOBE, ulioanza Marekani mwaka 1995 na ambao Tanzania na Kenya zimo, umejengwa juu ya kazi hii: wanafunzi wa nchi nyingi wanapima mazingira yao kwa kanuni moja na kuziweka namba mahali pamoja. Shida ya mvua ni likizo. Nani atasoma chupa mwezi Juni? Shule iliyojibu swali hilo kabla ya kuanza, mara nyingi kwa kumpa kazi mwanafunzi anayeishi jirani, ina rekodi. Nyingine zina chupa.

Kubalianeni kabla

Ushirikiano mwingi hufa kwa mambo madogo yasiyosemwa mapema. Haya yaandikwe kwenye karatasi moja na yabandikwe shule zote:

- Kipimo kitasomwa kwa desimali ngapi, na kitarudiwa mara ngapi.
- Namba isiyopendeza haifutwi. Inapigwa mstari na sababu inaandikwa pembeni.
- Hakuna shule inayoona matokeo ya wenzake kabla ya kutuma yake.
- Nani anatunza daftari kuu, na nani akiwa hayupo.
- Wanafunzi wanazungumza lugha gani wakiwa kazini.

Kipengele cha tatu ndicho kinacholinda kazi yote. Shule ya mjini ikitangulia kutuma namba zake, zile za kijijini huwa zinafanana nazo kwa namna ya ajabu. Cha mwisho kinaonekana kidogo, lakini masomo ya sekondari ni kwa Kiingereza, na nimeona vijana wakinyamaza mbele ya wageni kwa kuogopa sarufi huku mikono yao inajua. Wabishane kwa Kiswahili, ripoti waandike kwa Kiingereza. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya 2022, kisha vikagawiwa walimu, vinatosha kwa kupiga picha za vivuli na kutuma majedwali.

Kibali, nauli na mkuu wa shule

Mkuu wa shule atauliza kama haya yamo kwenye mtihani. Yamo, ingawa si kwa jina hili: dunia na mfumo wa jua, hali ya hewa na usomaji wa ramani viko kwenye jiografia, joto na kanieneo kwenye fizikia, pembe na grafu kwenye hisabati. Mwalimu aende kwake na mada za muhula zikiwa zimeandikwa, si na neno STEAM.

Kwa kuwa shule za wilaya mbili ziko chini ya halmashauri mbili, barua itapita kwa maafisa elimu wawili, na mikoa ikiwa tofauti itapanda juu zaidi. Barua ya kubadilishana namba hupita haraka. Barua ya kusafirisha watoto hukaa mezani, na ndivyo inavyopaswa, kwa sababu kuna usalama wa barabarani, wasichana wanaohitaji mwalimu wa kike safarini, na mzazi ambaye hana nauli na hataki kusema. Ndiyo maana ninashauri namba zisafiri mara nyingi na watoto wasafiri mara moja, ile siku ya kuvikutanisha vipimajoto. Shule zichangie kidogokidogo kwa mfuko wa pamoja, kama zilivyofanya shule za Kenya, badala ya kumdai kila mtoto nauli asubuhi ya safari.

Siku hiyo moja ipangwe vizuri. Asubuhi vipimajoto viingie kwenye sufuria moja, saa sita wote wasimamishe vijiti uwanja mmoja na kulinganisha mikono yao, alasiri walimu wakae peke yao wajaze kalenda ya muhula ujao. Chakula kiwe maharage, tayari yanachemka. Na kama kikao kimefanyika Lushoto, gari la kurudi Mombo liondoke mapema, zile kona zipitwe kungali mwanga.